Mwenzi mpya na matunzo ya mtoto Uingereza: wachunguzi wa CMS wanaruhusiwa kuona nini

Swali hili huja kwa sura mbili. Baba aliyeachana na mama wa watoto wake, na sasa anaishi na mke mwingine, anauliza kama CMS (Child Maintenance Service), huduma ya serikali ya matunzo ya watoto, wanaweza kuchungulia akaunti ya huyo mke. Mama aliyebaki na watoto anauliza kwa upande wa pili: mwanamke anayeishi na baba huyo ana mshahara mzuri na ndiye anayelipa kodi ya nyumba, kwa nini mshahara huo hauingizwi kwenye hesabu? Baba huambiwa na watu kwamba CMS wanaona kila kitu. Mama huambiwa kwamba CMS hawana meno. Majibu yote mawili ni ya kijiweni, na tumeona familia zikipanga fedha zao kwa kuyategemea na kuumia.

CMS ni huduma ya serikali inayokokotoa na kukusanya matunzo ya watoto katika England, Wales na Scotland. Iko chini ya idara ya kazi na pensheni, DWP. Ilianza Desemba 2012 ikachukua nafasi ya CSA (Child Support Agency), iliyokuwapo tangu 1993. Northern Ireland ina huduma yake yenye kanuni zinazofanana sana na hizi. Sheria mama ni ya 1991, na chini yake kuna kanuni mbili zinazohusika hapa: za 2008 zinazotaja nani analazimika kutoa taarifa, na za 2012 zinazotaja pesa ipi ihesabiwe. Ni vizuri kuzitenganisha kichwani tangu mwanzo, kwa sababu kuiona pesa na kuihesabu ni mambo mawili. Ofisa anaweza kuona mshahara wa mwenzi ukiingia kwenye akaunti ya pamoja na asiuhesabu hata senti. Anaweza pia kuhesabu pesa iliyoingia kwenye akaunti ya mwenzi ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuiona.

Hesabu yenyewe haimjui mwenzi, isipokuwa mahali pawili

Ukokotoaji unaanzia kwa mamlaka ya mapato, HMRC. CMS huchukua pato ghafi la mzazi anayelipa katika mwaka wa kodi wa karibuni uliokamilika, kwa namba yake mwenyewe ya bima ya taifa: mshahara, faida ya biashara ya mtu binafsi, na pensheni inayotozwa kodi. Michango yake ya pensheni huondolewa kwanza. Pato hilo hugawanywa kuwa la wiki. Kwa pauni 800 za kwanza, mtoto mmoja hutengewa asilimia 12, wawili asilimia 16, watatu au zaidi asilimia 19. Kwa kiasi kilicho kati ya pauni 800 na 3,000 viwango ni asilimia 9, 12 na 15. Kinachozidi 3,000 CMS hawakigusi.

Mshahara wa mwenzi haumo humo. Hata awe anapata mara kumi ya mzazi, hata wawe wamefunga ndoa. Kwa hesabu hii, ndoa na kuishi pamoja bila ndoa ni kitu kimoja, na vyote viwili haviongezi pato. Vivyo hivyo kwa upande wa pili: pato la mzazi anayepokea halihesabiwi, wala la mume wake mpya. Kwa hiyo malalamiko kwamba “anaishi kwa raha kwa pesa za mke” yanaweza kuwa ya kweli kabisa na yasibadilishe kitu.

Mwenzi anaingia kwenye hesabu mahali pawili, na mara zote mbili kuingia kwake kunapunguza matunzo. Pa kwanza ni watoto wake. Wakiishi nyumba moja na mzazi anayelipa, na mzazi huyo au mwenzi wake akawa anapokea posho ya watoto kwa ajili yao, pato la mzazi hupunguzwa kabla ya asilimia kutolewa: asilimia 11 kwa mtoto mmoja, 14 kwa wawili, 16 kwa watatu au zaidi. Baba wa pauni 600 kwa wiki mwenye mtoto mmoja wa kutunza angelipa pauni 72. Akihamia kwa mwanamke mwenye watoto wawili, pato lake linasomeka pauni 516, na matunzo yanashuka hadi pauni 61.92. Watoto hao huenda wana baba yao anayewatunza vizuri, hilo halitazamwi. Sisi tunaona hapa sheria imepinda: inawahesabu watoto wa mwenzi na kulifumbia macho pato la mwenzi huyohuyo. Lakini ndivyo ilivyo, na hakuna rufaa inayoweza kuinyoosha.

Pa pili ni msaada wa serikali. Mzazi anayelipa, au mwenzi wake, akiwa anapokea baadhi ya malipo ya serikali yaliyotajwa kwenye kanuni, matunzo huwa kiwango bapa cha pauni 7 kwa wiki. Na kama mwenzi naye ni mzazi anayedaiwa matunzo kwingine, kiwango hicho kinaweza kugawanywa nusu kwa nusu. Ndiyo maana fomu za CMS zinauliza jina la mwenzi na malipo anayopokea. Wengi wakiona swali hilo hushtuka wakidhani akaunti ya mwenzi imeanza kuchunguzwa.

Nani analazimika kujibu barua

Ndani ya CMS kuna kitengo cha uchunguzi wa fedha. Hupelekewa kesi ambazo takwimu za HMRC hazitoshi kueleza ukweli: wakurugenzi wa kampuni ndogo, mafundi na madereva waliojiajiri, wenye nyumba za kupangisha, watu wanaolipwa taslimu. Maofisa wake si polisi. Hawakamati mtu, na kipimo chao cha ushahidi ni kile cha madai, yaani lipi lina uwezekano mkubwa zaidi kuwa kweli.

Nguvu yao kubwa ni barua ya kudai taarifa. Kanuni za 2008 zinawataja wanaolazimika kuijibu, miongoni mwao: wazazi wenyewe, mwajiri wa sasa na wa zamani, mtu au kampuni inayompa mzazi kazi za mkataba, mhasibu wake, benki na vyama vya akiba, mashirika ya kumbukumbu za mikopo, makampuni ya gesi na umeme, na baadhi ya taasisi za umma. Asiyejibu bila sababu ya msingi, au anayejibu uongo akijua, anatenda kosa la jinai. Faini yake inafika pauni 1,000.

Uusome mfululizo huo tena: neno “mwenzi” halimo. Mke au mume mpya halazimiki kutuma taarifa zake za benki kwa sababu tu analala nyumba moja na mzazi anayedaiwa. Benki nayo huulizwa kuhusu akaunti za mzazi. Akaunti iliyo kwa jina la mwenzi peke yake haiombwi kwa njia hiyo. Ofisa akipiga simu na mwenzi akaamua kuzungumza, ni hiari yake.

Hali inabadilika mwenzi anapovaa kofia nyingine. Kama kampuni inayomlipa mzazi mshahara ni ya mwenzi, barua inamfikia kama mwajiri. Kama ndiye anayeandika vitabu vyake vya hesabu kama mhasibu, inamfikia kwa nafasi hiyo. Kama mzazi ni fundi anayepata kazi kupitia biashara ya mkewe, mke ni mteja wake mbele ya sheria na anapaswa kueleza amemlipa kiasi gani. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni mwenzi wa aina hii kujibu kwamba “mimi sihusiki, ni mambo yake na mtalaka wake”. Kwa nafasi ya mwenzi ni kweli hahusiki. Kwa nafasi ya mwajiri, jibu hilo linaweza kumfikisha mahakamani.

Akaunti ya pamoja ina hali yake. Benki ikitakiwa kutoa taarifa za akaunti za mzazi, na mojawapo ni ya majina mawili, karatasi zinazotoka zina miamala ya wote wawili: mshahara wa mwenzi, manunuzi yake, pesa anazotuma kwao Arusha au Kisumu. Hakuna kalamu nyeusi inayofuta upande wake. Maofisa hawaruhusiwi kuutumia mshahara huo kama pato la mzazi, wala kumtolea mtu habari hizo nje ya utaratibu. Kufichua siri za kesi ni kosa la jinai. Ila wameona. Na wakiona kila mwezi pesa ya mteja wa mzazi ikiingia na siku ileile ikihamishiwa akaunti ya mwenzi, wana haki ya kumuuliza mzazi kwa nini.

Mkaguzi akija mlangoni

Kifungu cha 15 cha sheria ya 1991 kinaruhusu kuteuliwa wakaguzi wenye cheti, wanaoweza kuingia mahali kwa wakati unaofaa, kuhoji na kudai nyaraka. Mahali penyewe pawe ambapo mzazi anafanya au amefanya kazi, au anaendesha biashara, au ambapo kuna sababu ya kuamini pana taarifa zake zilizopatikana katika shughuli za biashara. Nyumba inayotumika kwa makazi tu haiingiliki kwa mamlaka haya. Saluni, gereji, duka, ofisi, ghala, zote zinaingilika, hata kama leseni na mkataba wa pango ni vya mwenzi.

Akiwa ndani, mkaguzi anaweza kumhoji yeyote aliyemkuta mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Anayemiliki eneo, mwajiri na mwajiriwa wanapaswa kumpa taarifa na nyaraka anazohitaji kwa kiasi kinachofaa. Kumzuia makusudi au kukataa kumjibu bila sababu ni kosa, faini hadi pauni 1,000. Hata hivyo kifungu hichohicho kina kinga ambayo wengi hawaijui: mtu halazimishwi kujibu swali au kutoa ushahidi unaoelekea kumtia hatiani yeye mwenyewe au mwenzi wake wa ndoa. Kinga hiyo imeandikwa kwa mume na mke, na kwa walio katika ubia wa kiraia uliosajiliwa. Wanaoishi pamoja bila ndoa hawakutajwa.

Akija mtu anayejitambulisha kuwa mkaguzi, omba cheti. Sheria inamtaka akionyeshe akiulizwa. Andika jina lake, saa aliyofika na nyaraka alizoomba, na umpe nakala. Usimkabidhi vitabu vyako vya asili ukabaki mikono mitupu.

Pesa ya mzazi inapobadilishwa jina

Hapa ndipo kesi nyingi za mwenzi zinaposhinda au kushindwa, na ndipo pato lililoingia kwa jina la mwenzi linapoweza kurudishwa kwa mzazi.

Mzazi anayepokea ana haki ya kuomba hesabu irekebishwe kwa sababu maalumu. Tatu zinahusika. Ya kwanza ni pato lisilo la kazi, kama kodi ya nyumba za kupangisha, riba na gawio la hisa, likifika pauni 2,500 kwa mwaka. Pato hili halimo kwenye takwimu ya kawaida ya HMRC, hivyo lisipoombwa haliingii. Nyumba ya kupangisha ikiwa ya mzazi na mwenzi, fungu la mzazi tu ndilo linalohesabiwa. Ya pili ni mali yenye thamani inayozidi pauni 31,250, iliyorudishwa kwenye kanuni Desemba 2018: mali hiyo huchukuliwa kana kwamba inazaa asilimia 8 kwa mwaka. Pauni 100,000 zilizolala benki zinasomeka kama pato la pauni 8,000, sawa na pauni 153.85 kwa wiki. Nyumba anayoishi mwenyewe haihesabiwi. Mali iliyo kwa jina la mwenzi haiguswi, isipokuwa ikionyeshwa kwamba manufaa yake ni ya mzazi au kwamba mzazi ndiye mwenye uwezo wa kuidhibiti.

Ya tatu ndiyo yenye uzito: kuchepusha pato. Kanuni ya 71 ya mwaka 2012 inadai mambo matatu yathibitike kwa pamoja. Mzazi awe na uwezo wa kudhibiti kiasi cha pato anachopata, moja kwa moja au kwa kupitia mtu mwingine. Awe amelipunguza kwa kulielekeza kwa mtu mwingine au kwenye matumizi mengine. Na kupunguza huko kuwe kusikokubalika kwa mtu mwenye busara. Likikosekana moja, ombi linaanguka.

Tuweke tarakimu. Fundi ujenzi ana kampuni ndogo. Anajilipa mshahara wa pauni 12,570 kwa mwaka, na kampuni inagawa gawio la pauni 60,000. Zamani hisa zote 100 zilikuwa zake. Baada ya kuoa tena, 50 zikahamia kwa mke. Mke ni muuguzi wa kudumu hospitalini, na kwenye kampuni hafanyi lolote. Fundi ana mtoto mmoja wa kutunza, bila punguzo jingine.

Takwimu ya HMRC inasoma mshahara peke yake: pauni 241.73 kwa wiki, matunzo pauni 29.01. Mama akiomba gawio la fundi mwenyewe liongezwe, pauni 30,000 zinaingia, pato linafika 818.65, na matunzo yanakuwa pauni 97.68. Akithibitisha pia kwamba pauni 30,000 za mke ni pato la fundi lililochepushwa, pato linafika takriban 1,395.58 na matunzo yanafika pauni 149.60. Hatua ya kwanza huwa rahisi kwa sababu HMRC wana rekodi ya gawio lake. Hatua ya pili inahitaji kazi.

Mzazi aliyedhibiti kampuni hujitetea kwa njia zinazojulikana. Atasema mke anafanya kazi kweli: anajibu simu, anaandika ankara, anaendesha gari la mizigo. Utetezi huo ni halali ukiwa wa kweli. Mke anayefanya saa 20 kwa wiki na kulipwa kama karani yeyote wa mtaani hajachepushiwa kitu. Akilipwa pauni 30,000 kwa saa mbili kwa wiki, tofauti ndiyo inayoweza kurudishwa kwenye pato la mzazi. Atasema pia kwamba alimpa hisa kwa ushauri wa mhasibu ili kupunguza kodi. Mpango unaweza kuwa halali kabisa kwa HMRC na bado usikubalike kwa matunzo, kwa kuwa hizo ni sheria mbili zenye maswali tofauti. Utetezi wenye nguvu zaidi ni kwamba mke aliweka mtaji wake kwenye biashara, au alikuwa na hisa hizo miaka mingi kabla ya ugomvi wa matunzo kuanza.

Ndiyo maana tarehe zina thamani kuliko maneno. Kumbukumbu za Companies House, masjala ya makampuni ya Uingereza, ziko wazi mtandaoni bila malipo: jina la kampuni, wakurugenzi, wanaomiliki zaidi ya robo ya hisa, na taarifa ya kila mwaka inayoonyesha mgawanyo wa hisa. Pakua taarifa ya kabla na ya baada ya hisa kuhama. Weka pembeni yake tarehe ya barua ya kwanza ya CMS. Hisa zilizohama miezi miwili baada ya barua hiyo zinajieleza. Mizania ya kampuni ndogo haionyeshi gawio, lakini inaonyesha akiba ya faida iliyobaki. Ikipanda mwaka hadi mwaka huku mshahara wa mkurugenzi ukibaki palepale, huo nao unaweza kuwa uchepushaji, wa kuzificha pesa ndani ya kampuni yenyewe. Michango mikubwa mno ya pensheni huangaliwa kwa jicho hilohilo. Kwa nyumba na ardhi, masjala ya ardhi itakupa nakala ya hati kwa ada ndogo.

Maombi mengi huanguka kwa sababu yameandikwa kuhusu maisha: gari jipya, likizo Dubai, sherehe ya harusi kwenye mitandao. Katika mpango wa zamani wa 2003 kulikuwa na kifungu cha maisha yasiyolingana na pato lililotangazwa. Kwenye mpango wa 2012 kimeondolewa. Picha ya gari haina kifungu cha kuipokea, na jibu la mzazi litakuwa jepesi: gari ni la mke wangu. Picha hiyohiyo ikiambatanishwa na hoja kwamba kampuni yake ndiyo iliyolinunua, na jina la kampuni likatajwa, inaanza kuwa na kazi. Taja kifungu unachokitegemea, taja chanzo cha pesa, taja tarehe, eleza kwa nini unaamini mzazi anakidhibiti chanzo hicho. Omba kwa maandishi kwamba kesi ipelekwe kitengo cha uchunguzi wa fedha. Na usingoje, maana kwa kawaida marekebisho huanzia karibu na tarehe uliyoomba, na hayarudi nyuma kufidia miaka uliyokaa kimya.

Baada ya kifungu kutimia, ofisa bado anapaswa kuridhika kwamba marekebisho ni ya haki kwa pande zote. Ustawi wa watoto wote wanaohusika huangaliwa hapo, wakiwemo walio nyumba ya mwenzi.

Baraza la rufaa lina mkono mrefu kuliko CMS

Usiporidhika, una siku 30 tangu uamuzi kuomba uangaliwe upya na CMS wenyewe. Wakishikilia msimamo, una mwezi mmoja kukata rufaa kwenye baraza huru la rufaa. Wengi huchoka kabla ya hapo, na hilo linasikitisha, kwa sababu baraza lina mamlaka ambayo ofisa hana. Linaweza kumwita mtu yeyote kuwa shahidi, na kumwamuru yeyote atoe nyaraka alizonazo zinazohusu shauri. “Yeyote” huyo anaweza kuwa mke au mume mpya. Taarifa za benki ambazo CMS hawakuweza kumdai mwenzi, jaji anaweza kuziamuru zikiwa na uhusiano wa kweli na swali la nani alipata pesa.

Mzazi anayekataa kutoa nyaraka mbele ya baraza anajiweka pabaya: jaji anaruhusiwa kuhitimisha kwamba zilizofichwa zingemuumiza. Faida nyingine ni kwamba karatasi za rufaa hupewa pande zote. Wakati wa uchunguzi wa CMS, mama huambulia sentensi moja ya “tumekamilisha uchunguzi”. Kwenye rufaa ataona msingi wake. Kwa mwenzi ambaye hataki anwani yake ijulikane, ombi la kuificha lifanyike mapema, kabla jalada halijatumwa.

Deni likishakuwapo

Kukusanya deni ni hatua nyingine, na hapa mwenzi asiyejipanga hupata hasara halisi. Mshahara wake haukatwi kamwe. Amri ya makato huenda kwa mwajiri wa mzazi anayedaiwa. Akaunti yake binafsi nayo iko salama. Akaunti ya pamoja haiko salama. Hadi Desemba 2018 ilikuwa kinga, na watu walikuwa wakiihamishia pesa kwa makusudi. Sasa CMS wanaweza kukata humo, iwapo akaunti ya mzazi peke yake haipo au haina cha kutosha.

Kabla ya kuchukua, wenye akaunti wote hupewa nafasi ya kueleza ni pesa ya nani. Asipojitokeza mtu kueleza, dhana ni kwamba kila mmoja ana nusu. Mwenzi aliyeweka pauni 9,000 kati ya 10,000 na akaiacha barua mezani anaweza kuonekana ana 5,000 tu. Jibu ndani ya muda uliotajwa kwenye barua, ambatanisha hati za mshahara na taarifa za benki zinazoonyesha kila pesa ilitoka wapi. Inapotolewa amri ya kuchukua kiasi cha mara moja, benki huzuia pesa kwanza na kuzikabidhi baadaye. Kipindi hicho cha katikati ndicho cha kujieleza. Njia ya uhakika zaidi ni kuacha akaunti ya pamoja iwe ya bili tu, kila mmoja akiingiza fungu lake, na akiba ibaki kwenye akaunti ya mtu mmoja mmoja. Mwenzi kuweka akiba yake mwenyewe kwa jina lake hakuvunji sheria yoyote.

Madalali wa mahakama hawana haki juu ya vitu vya mwenzi. Risiti zenye jina lake, au malipo yanayoonekana kwenye kadi yake, humaliza ubishi haraka. Nyumba ya pamoja inaweza kuwekewa dhamana ya deni, lakini kwa fungu la mzazi anayedaiwa.

Wako wanaojaribu kuigawa mali kabla deni halijafika: nyumba inaandikwa kwa jina la mke, gari anauziwa shemeji kwa pauni moja. Kifungu cha 32L, kinachotumika tangu Aprili 2010, kinawapa CMS njia ya kwenda mahakamani kuzuia uhamisho unaokusudiwa kukwepa matunzo, au kuubatilisha uliokwisha kufanyika. Anayelindwa ni aliyelipa thamani ya kweli kwa nia njema bila kujua kusudi hilo. Mke aliyepewa nyumba bure yuko nje ya ulinzi huo.

Mambo yanayochanganywa na haya

Wakaguzi wa udanganyifu wa misaada ya serikali pia wako chini ya DWP, na barua zao zinafanana kwa sura. Kwao mwenzi ni mhusika kamili: wanaoishi pamoja huomba Universal Credit kwa pamoja, na pato na akiba ya wote wawili huhesabiwa. Mtu aliyeambiwa na CMS kwamba pesa za mwenzi haziwahusu, kisha akalichukua jibu hilo na kumficha mwenzi kwenye Universal Credit, anajiingiza kwenye matatizo makubwa zaidi ya yale aliyokuwa akiyakimbia.

Pato la mzazi likizidi pauni 3,000 kwa wiki, nyongeza huombwa mahakamani. Huko fomu ya kueleza hali ya fedha inauliza pia kuhusu mwenzi mpya, pato lake na mali zake kwa kadiri zinavyojulikana. Mahakama haimwamuru mwenzi kuwatunza watoto wa mwenziwe, lakini inaangalia kama kulipiwa nyumba na chakula kumemwachia mzazi pesa nyingi zaidi mkononi.

Na kwa familia zilizogawanyika kati ya Uingereza na Afrika Mashariki: CMS hushughulikia kesi ambayo mtoto na wazazi wote wana makazi yao ya kawaida Uingereza. Mzazi anayelipa akihamia nje, mamlaka yao huisha, isipokuwa kwa wachache kama wanajeshi, watumishi wa serikali na waajiriwa wa kampuni zilizosajiliwa Uingereza. Mama aliye Mombasa au Dodoma na mtoto, baba akiwa Birmingham, hawezi kufungua kesi CMS. Anaanzia mahakama ya kwao, apate amri ya matunzo, kisha amri hiyo ipelekwe Uingereza kwa mpango wa mataifa kutekeleza amri za matunzo za wenzao. Kenya na Tanzania Bara zimo kwenye sheria ya Uingereza ya 1972 inayohusu mpango huo. Katika njia hiyo kitengo cha uchunguzi wa fedha hakihusiki kabisa. Maswali yote kuhusu pato la baba, na kuhusu mke wake mpya, huulizwa na mahakama.